Bao la kujifunza, na Godeliva haendi kokote

Jumatano. Mvua imekatika mchana, ua unanuka udongo, na mimi bado nina hasira.

Kwanza nyie mnaosoma. Mlikuwa wapi? Mwezi mzima naisemea simu hii iandike, hakuna hata wa kunisalimia. Mkipata shida ndiyo mnanikumbuka. Haya, kaeni.

Godeliva ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, anakaanga dagaa. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Leo ana mvi. Tangu maneno ya wakimbizi warudi kwao yaanze tena, watu hapa Rusimbi wanamwangalia kama kaja jana.

Jana nilimwita tucheze bao. Wanawake wa hapa tunacheza alasiri, na anayesema ni mchezo wa wanaume aje aniambie mimi. Nikampangia bao la kujifunza: safu nne, mbili zako, mbili zangu, kila shimo kete mbili. Basi.

Yeye akazoa kete zake zote, akazipanga nne nne safu ya mbele. Ya nyuma akaiacha tupu. Ndivyo mama yake alivyomfundisha.

Wifi yangu Sada akadakia. "Unatuharibia bao! Nenda kwenu ukapange hivyo."

Godeliva akainuka, akaingia chumbani kwake. Leo asubuhi nikamkuta anafunga masufuria yake kwenye khanga.

Fundo lile nililifungua mimi. Kwa meno.

Mvua ilipokatika nikaliweka bao uani, Sada akiwepo. Upande wangu nikapanga mbili mbili kila shimo. Nikamwambia Godeliva apange wake kama kwao.

Sada akaguna. "Haliwezi kuchezeka hilo."

"Hesabu, wifi."

Akahesabu. Kwangu thelathini na mbili. Kwa Godeliva thelathini na mbili.

"Haya, kaharibu nini?"

Akazihesabu tena.

Tukacheza. Godeliva akanila mpaka nikabaki na kete za kuhurumiwa, nacheka huku nimenuna. Sada uvumilivu ukamwisha. Akanisukuma kwa nyonga.

"Toka hapo, unatuaibisha! Na wewe Godeliva, panga hivyo hivyo vyako, nikuoneshe."

"Ego, wifi," akaitika Godeliva kwa Kirundi chake, huyo anapanga nne nne.

Wifi! Nilimtazama Sada usoni. Hakukataa. Alishaanza kuchota kete.

Mimi darasani sikuingia hata siku moja, na wakubwa wanaoamua mambo siwajui. Lakini kwenye ua huu hakuna atakayefunga masufuria kwa mdomo wa mtu. Anayemtaka Godeliva aanze na mimi.

Nawe ukija tena, pitia uani moja kwa moja. Kaa mbele yake, panga kete zako unavyojua. Ila usije ukamuuliza atarudi lini.