Bibi Regina na Ada ya Mawimbi

Mghombola, Uluguru
9 Machi 2002

Laurenti,

Uliposomea sheria huko Dar es Salaam walikufuta ukoo kichwani? Kiapo cha mahakamani ulichonitumia kinasema mlingoti wa redio uko kwenye shamba la marehemu babu yako. Babu yako alikuja kwangu na panga na godoro. Shamba ni la mama yangu, na la mama yake kabla yake. Mluguru gani hajui kwamba ardhi hupita kwa mama? Tena umeniandika “kikongwe maskini”. Sitii sahihi.

Marahaba. Mgongo unauma, maharage yamekubali.

Andika hivi: kila Jumapili baada ya misa niliongea kwa redio ya misheni na binti yangu Anastasia, mama yako wewe, nesi wa zahanati ya Kisaki. Desemba wasimamizi wa mawasiliano wakapandisha ada ya mawimbi ya redio, misheni ikatakiwa kulipa sawa na kampuni za simu. Padre akazima redio. Simu zao zenyewe huku hazifiki.

Bibi yako

Dar es Salaam
28 Machi 2002

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na mgongo. Nisamehe. Babu nimemtoa, umaskini nimeutoa, shamba ni la ukoo.

Jaji hatapanga ada, Bibi. Tunamwomba aangalie ilivyopangwa: wasimamizi wa mawasiliano hawakutuita wala kutusikiliza. Kiapo chako kitaonyesha nani kaumia. Tia sahihi kwa wakili wa Mwembesongo kabla ya Mei kwisha. Muda ukipita, shauri halipokelewi.

Mjukuu wako

Mghombola
2 Mei 2002

Laurenti,

Marahaba. Nimeshuka, nimetia sahihi. Wakili alinisogezea wino wa dole gumba, nikamwambia afunge kidau chake, akasubiri nikaandika jina lote.

Jumapili nilikaa chumba cha redio. Wameifunika kitambaa. Nikamsalimia mama yako hivyo hivyo, nikamweleza habari za mbuzi. Katekista Severini alidhani nasali, akavua kofia.

Bibi yako

Dar es Salaam
17 Februari 2003

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nangoja hukumu. Leo jaji ametengua ile ada. Kiapo chako alikisoma kwa sauti.

Lakini redio bado haiwashwi. Wasimamizi wataipanga upya ada, safari hii baada ya kusikiliza watumiaji wadogo. Kikao ni hotelini hapa mjini, mwezi ujao. Nimekuandikisha uwe msemaji wa kwanza.

Mjukuu wako

Mghombola
1 Machi 2003

Laurenti,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Umefanya kazi ya mtu mzima.

Sauti ya Anastasia inanipotea. Kicheko chake bado ninacho, ila anavyoniita “mama” sikumbuki tena. Hilo ndilo nitawaambia, na siendi hotelini kuwaambia huku simu zao zinalia. Wenye shida wako huku. Ukipata barua hii nenda ofisini kwao, waambie wapande kwa miguu waje wanisikilize. Na wewe uwatangulie, nikuone.

Bibi yako