Laini Hii ni ya Majaa

Ijumaa, baada ya swala. Mvua imekata tangu asubuhi lakini uwanja wa shule bado ni bwawa, na wanafunzi wanatembea wamevua viatu, wameviweka kwapani. Mimi nina furaha. Nasema mapema, maana kwa jinsi nitakavyoanza mtu anaweza kudhani nimekuja kulalamika.

Yote yalianzia chooni.

Kwa umri wangu na kwa tumbo langu, kuinama ni shughuli inayotaka maandalizi. Jumatatu sikujiandaa. Simu ilitoka kwenye mfuko wa shati, ikagonga ukingo wa tundu mara moja, ikaenda. Nikachungulia. Taa yake ilikuwa bado inawaka kule chini, kama inayoniuliza nasubiri nini. Kisha ikazimika.

Simu yenyewe sikuililia sana. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa manati, na herufi ya M ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo ujumbe wangu wote kwa mke wangu ulisomeka kama maandishi ya mtu aliyeng'oka meno. Kilichonikaa rohoni ni laini. Namba ile ninayo tangu mnara wa kwanza uliposimamishwa hapa Kibiti, na kuna mtu mmoja duniani ambaye hana namba nyingine yoyote kichwani ila hiyo.

Mtu huyo ni shangazi yangu, Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba. Anakaa Mtunda, na msimu wa mpunga anahamia bondeni, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba. Hana simu na hataki. Kusoma hajui. Lakini namba yangu alijifunza kwa kuitwanga. Nilimtajia tarakimu moja moja, akaipa kila moja pigo lake la mchi, akaifanya wimbo, akaingiza na Kindengereko katikati ili vina vikubali. Ilimchukua msimu mzima wa mavuno. Siku hizi akitaka kuniongelesha anamsimamisha mtu yeyote mwenye simu, anamwimbia, yule anabonyeza.

Watu wanacheka. Masika ya mwaka jana hawakucheka. Maji yalipanda bondeni mchana mmoja yakamkuta juu ya dungu peke yake. Akapita mtu na mtumbwi, umejaa familia yake na kuku, hakuna pa kumweka. Shangazi hakumwomba nafasi. Alimwomba simu. Akaimba. Mimi nikiwa darasani nikapokea, nikawapigia watu wa Mtunda, na kabla ya magharibi wakamshusha, mkeka wake kichwani, akiwagombeza kwa kuchelewa.

Mtauliza kwa nini hakumpigia mwanawe Seifu, aliye karibu. Seifu hubadilisha laini kila inapotangazwa ofa. Hata mkewe hajui ampate wapi.

Basi Jumanne nikaenda kwenye duka la simu kuomba namba yangu irudishwe. Pale kaunta amekaa Naima, niliyemfundisha mimi mwenyewe darasa la nne mpaka la saba. Akaniamkia vizuri, akabonyeza kompyuta yake, akaniangalia, akairudia kompyuta. Akaniuliza laini imesajiliwa kwa jina gani. Nikacheka, nikamwambia kwa jina la mwalimu wako, Rajabu Mohamedi, nikamwekea kadi ya mpiga kura juu ya meza.

Naima akashusha sauti kwa adabu. Laini hii, akasema, ni ya mtu anaitwa Majaa.

Sasa nikiri.

Usajili huu ulipotangazwa nilikuwa wa kwanza kuushangilia. Nilisimama mstarini mbele ya shule nzima nikawaeleza watoto kwamba serikali imechoka na wanaotuma vitisho na matusi kwa kujificha, kwamba sasa kila laini itakuwa na mwenyewe, na jinai zitapungua. Nikamalizia kwa kusema mtu anayeficha jina lake ana jambo. Nilipenda sana lilivyotoka. Nikalirudia.

Lakini foleni ya kusajili ilipokuwa inazunguka duka mara mbili, bingwa wa mstarini sikwenda. Nilimpa simu binamu yangu Seifu aende nayo Mtunda, ambako mawakala walikuwa wamepiga kambi kwenye ofisi ya mtendaji, na nikamwambia aandikishe tu jina langu.

Akaandikisha jina langu.

Seifu ni binamu, na binamu ni mtani, na mtani ukimpa fomu ya serikali umejitakia. Nilipompata kwa simu ya jirani yake hiyo Jumanne, akaapa hakufanya utani hata kidogo. Mtendaji alimwuliza laini ni ya nani, akasema ya Majaa mwana wa Mohamedi, wazee wote waliokuwa pale barazani wakaitikia kwamba ndiyo, Majaa tunamjua, barua ikaandikwa, mhuri ukagongwa. Angesema Rajabu, alinieleza, wangemwuliza huyo Rajabu ni mgeni wa nani.

Na ni kweli. Mtunda hakuna Rajabu. Rajabu nilimtengeneza mimi, nilipokwenda kusoma Ikwiriri nikiwa na miaka kumi. Mwalimu aliuliza jina, nikaangalia watoto walivyokuwa wamekaa wakisubiri cha kuchekea, nikataja la jirani yetu mmoja aliyekuwa na baiskeli. Tangu hapo nimekuwa Rajabu kwenye vyeti, kwenye ndoa, na kwenye blogu hii. Mke wangu anajua. Wanangu hawajui. Jaa ni mahali pa kutupa taka, na mimi ni mtu wa chaki na suruali yenye mkunjo.

Naima alikuwa na huruma, lakini utaratibu ni utaratibu. "Mwalimu, mimi nakujua," alisema. "Kompyuta ndiyo haikujui." Ikiwa mimi ni Rajabu, basi naomba namba ya mtu mwingine, na hilo ndilo hasa sheria imekuja kulizuia. Kama mimi ndiye Majaa, nilete wa kunithibitisha. Akanipa na njia ya tatu: namba mpya, kwa jina la Rajabu, dakika kumi tu.

Nilirudi nyumbani nikaifikiria ile njia ya tatu siku mbili. Naandika hili kwa aibu. Nilijiambia nitakwenda Mtunda kumfundisha Shangazi namba nyingine. Nilijua siyo kweli. Siku hizi huita wajukuu wake wote kwa jina moja ili asikosee. Atatwanga misimu mingapi? Na bondeni, mvua hizi, atakuwa anaimba namba ambayo haipo. Lakini kila nilipofika hapo, nilijiona nimesimama dukani natamka mimi ni Majaa, foleni nzima nyuma yangu, na nusu yake nimewafundisha.

Basi jana, Alhamisi, nikaenda kuchukua namba mpya.

Fomu nimeshaijaza. Kalamu iko kwenye mstari wa saini. Nikasikia kule mlangoni sauti ninayoijua inauliza watu kama mwalimu mnene wa shule ya msingi amepita hapa, au amekufa.

Shangazi alikuwa amepiga tangu Jumatatu. Alikuwa ameshaimba kwenye simu za watu wanne, na kila mara akapokelewa na mwanamke yuleyule anayesema mteja hapatikani kwa sasa. Alimjibu. Alimwamkia, akamwomba, akamwuliza yeye ni nani na anafanya nini kwenye simu ya mume wa mtu. Mwanamke akarudia maneno yake yaleyale. Hapo Shangazi akajua kuna msiba unafichwa. Akapanda pikipiki kutoka Mtunda, kakaa upande, kashika kanga yake ya kwenda mazikoni. Shuleni wakamwelekeza dukani.

Aliponiona hakunikumbatia. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ewe Majaa," alisema. "Kumbe u mzima."

Alilisema kwa sauti yake ya bondeni, ile ya kufukuzia nguruwe. Foleni ikageuka. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja akashusha gazeti.

Nikamwambia shikamoo. Naima ndiye aliyemweleza, polepole, kama nilivyomfundisha kuwaeleza wakubwa: laini ni ya Majaa, huyu ana kadi ya Rajabu, na sheria inataka kuzuia wezi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja juu ya kaunta akaanza kuipiga, pigo moja, tarakimu moja, akiimba ule wimbo wake wa kinuni. Naima akageukia kompyuta na kidole chake kikawa kinafuata. Alipofika mwisho, Naima alikuwa amefunga mdomo kwa mkono. Haikupotea tarakimu hata moja.

"Hiyo ni yake," Shangazi alisema. "Na jina ni lake. Mwanangu, huyu hakuiba. Huyu nilimwokota."

Na mbele ya watu wote akasema jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalijua vipande vipande tu, maana sikuwahi kutaka kukaa nalisikiliza. Mama yangu alizika watoto watatu kabla yangu. Nilipozaliwa mimi, bibi alinifunga kwenye kitambaa kikuukuu akanilaza nyuma ya jiko, juu ya jaa, kwenye pumba na makumbi ya nazi, ili mauti ikija ione taka ipite. Shangazi, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, akatumwa apite kama mtu asiye na habari. Akaniokota. Akanipeleka mlangoni akasema nimeona takataka hii, kuna anayeitaka? Mama akasema naitaka, akampa kibaba cha mchele, akanipokea.

Hayo, kwa vipande, nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni hili. Bibi alimwambia apite mara moja tu, aniokote. Lakini Shangazi alifika kabla ya kuitwa. Alikaa amejificha nyuma ya migomba tangu nilipowekwa, ana kijiti mkononi, anafukuza kuku wasinikaribie. Alisema aliogopa wasije wakanidonoa macho. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu ingeharibu dawa, taka hailindwi.

Nilijifanya natafuta miwani.

Naima akatuelekeza ofisi ya mtendaji wa hapa Kibiti, hatua chache kutoka pale. Shangazi akaenda mbele, mimi nyuma, pamoja na wawili kutoka kwenye foleni waliosema wanakuja kushuhudia, ingawa nadhani walikuja kusikia zaidi. Barua ikaandikwa kwamba Rajabu Mohamedi na Majaa Mohamedi ni mtu mmoja. Shangazi akaweka dole gumba. Akaliangalia lile doa la wino, akauliza kama linasomeka. Mtendaji akamwambia linasomeka kuliko saini yangu.

Tuliporudi, Naima akairudisha namba kwenye laini mpya. Kabla hajamaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, sasa Mwalimu, kwa kuwa barua ipo, nikubadilishie jina liwe Rajabu kabisa?

Shangazi alikuwa pembeni anakunja ile kanga yake ya mazikoni. Hakusikia, au alijifanya.

Nikamwambia Naima aliache lilivyo.

Nimeishukuru sheria hii leo kwenye sijda, na sidhani kama walioitunga waliitegemea dua ya namna hiyo. Walitaka kuwajua wahalifu. Kwangu imemnasa mwalimu mmoja aliyemficha mtoto wa watu miaka arobaini. Namshukuru na Seifu, ingawa nikimwona nitakana. Na wale waliokuwa dukani. Yule baba mwenye gazeti alinishika mkono tulipotoka, akasema yeye nyumbani kwao anaitwa Kifagio.

Asubuhi hii tukiwa ofisini, walimu wote na vikombe vyao vya chai, simu ya kuazima niliyoiweka mezani ikalia. Namba nisiyoijua. Nikapokea. Kulikuwa na upepo wa bondeni na ndege wengi, na Shangazi akauliza kama kawaida yake, bila salamu, ni nani huyo. Miaka yote nimemjibu ni mimi, shangazi, kwa haraka, ili asilitaje.

"Ni Majaa," nikasema. "Nipo."

Akasema alikuwa anajaribu tu. Akakata.

Vikombe vilikuwa vimesimama hewani. Mwalimu wa hesabu, ambaye hana huruma, tayari alikuwa anatabasamu. Kufikia mapumziko habari ilikuwa imefika darasa la tano, na darasa la tano likijua kitu, soko zima limejua. Jumatatu nitasimama mstarini, na kuna kauli moja kuhusu wanaoficha majina ambayo inabidi niitolee maelezo. Nimeanza kuyaandika. Mpaka sasa nina sentensi moja, inayohusu kuku.

Majaa Mohamedi
Kibiti