Wimbo Ulioonyesha Mlango

Kilwa Kivinje, mwezi 10 Shaabani, mwaka 1325

Mpendwa Mshauri,

Baada ya salamu nyingi naomba msaada wako wa gazetini, na naomba uniwahi kabla ya Idi, maana jambo lenyewe lina siku yake na siku hiyo hainingoji. Jina langu ni Pazi bin Salumu, kazi yangu kuwamba ngoma, na hapa mtaani mimi ndiye mwenye uwanja kama walivyokuwa baba na babu yangu, yaani ile ngoma kuu tuiitayo Ngurumo hulala nyumbani kwangu, na hakuna chama kinachoweza kucheza uwanjani mpaka mimi niitoe, niikanze ngozi yake motoni, nipige pigo la kwanza na kusema maneno niliyorithi: "Lililosemwa uwanjani hulala uwanjani." Yakishasemwa hayo, ukitukanwa wimboni huruhusiwi kwenda kwa kadhi wala kwa liwali wala kulipiza kwa kisu, ukitaka kujibu ngoja zamu yako uimbe. Babu alinieleza kwamba watumwa walikuwa wakisimama hapo na kuwaimba mabwana zao, ubahili wao na aibu zao zote, na mabwana wenyewe wapo wanasikia, na kesho yake hakuna aliyeguswa. Ndiyo maana tunaulinda uwanja huu kama wengine wanavyolinda kisima.

Sasa nisikilize. Vita vya maji, ile dawa ya kuzuia risasi za Mdachi, vilipokwisha watu wa bara walishuka kwetu kwa njaa, kutoka Mitole na Umatumbini, maana Mdachi alizichoma ghala zao, mashamba yao yakachomwa, wakawa wanatutwangia na kutuchotea maji kwa makoko ya wali. Kuna chama cha ngoma kiitwacho Marijani, na malenga wao anaitwa Nassibu, kijana mwenye sauti mpaka unaacha tonge mkononi. Kaka yake Nassibu, Yahya, alikuwa na duka huko bara na aliuawa siku za mwanzo za vita, hata maiti yake haikuletwa. Tangu hapo Nassibu haimbi kitu kingine ila watu wa bara: washenzi, walaji wa panya, wametuletea chawa, kwa ajili yao Mdachi ametuzidishia kiboko. Watu walicheka, Mshauri. Mimi pia nilicheka, sikufichi, na mkono wangu ulikuwa kwenye Ngurumo.

Basi mwezi wa Maulidi mwaka huu Marijani wakacheza na Nassibu akatoa wimbo mpya:

*Nyuma ya kisima cha kati, kibanda cha makuti mapya,*
*Buyu limefukiwa chini, maji yale hayajaisha.*

Kibanda chenye makuti mapya nyuma ya kisima cha kati ni kimoja tu, na alikaa humo mtu mmoja wa Mitole na mkewe. Wimbo ulikuwa mtamu, uwanja mzima ukaupokea, watoto wakauimba mpaka sokoni, na siku ya tatu askari wakaja, wakachimba chini ya mkeka na kweli wakatoa buyu. Ndani yake hamkuwa na maji hata tone, mlikuwa na majivu na mtama. Sisi wa pwani tunanunua nafaka sokoni, hatukujua kwamba mkulima huihifadhi mbegu yake kwenye majivu isiliwe na wadudu, na kwamba atakufa njaa na mbegu ile asiiguse, maana akiila ndiyo basi tena. Yule mwanamke akapiga magoti akisema, "Ni mbegu, baba. Ni mbegu tu, ya kurudia nyumbani." Lakini askari mkubwa akasema dawa ya vita nayo ilikuwa na mtama ndani yake, akaongeza na neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni kama mwiba wa samaki: "Mbona hata ngoma yenu inasema?" Yule mtu akala viboko ishirini na tano, akatiwa mnyororoni kuchimba barabara, na hakumaliza miezi miwili akafa. Mke wangu Mwahija akaenda akamleta yule mjane nyumbani kwetu, akamsaidia kuokota mtama uliomwagika wakaufunga kwenye pindo la kaniki, na mpaka leo yumo ndani, anatwanga, anafagia, hasemi na mtu. Mimi anaponiwekea maji ya kuoga siwezi kumtazama.

Sasa Idi ndiyo hiyo inakuja na Nassibu amenijia na cheti cha boma, ameruhusiwa kucheza. Akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo mzee Pazi, nimekuja kukukumbusha Ngurumo," nikamwambia, "Marahaba, lakini wimbo gani utaimba?" Akacheka. "Mzee, tangu lini malenga akaulizwa wimbo? Lililosemwa uwanjani hulala uwanjani, si maneno yako hayo?" Lakini wapokezi wake, wale wanaomwitikia wimbo, hawana siri. Wimbo wa Idi unataja nyumba tatu zinazofuga watu wa maji, na moja ni ya mwamba ngoma. Mshauri, ni yangu hiyo, na aliyemo ni huyo mjane.

Nikimnyima ngoma nitakuwa mwenye uwanja wa kwanza kumfunga mtu mdomo tangu enzi za babu, na kesho atakuja mwingine aninyime mimi, na wanyonge waliokuwa na mahali pamoja tu pa kusema watakuwa hawana hata hapo. Nikimpa, namtoa mjane kwa askari kwa mkono wangu huu huu. Vijana wa mtaani wananiambia niende kwa Bwana Shauri, yule Mdachi mwamuzi pale bomani, nishtaki Marijani wapigwe marufuku kabisa. Imamu anasema nimwachie Mungu. Mwahija anasema niichome Ngurumo nipikie uji. Nami sili, silali, nahesabu siku. Naomba uniambie nifanye nini, na ukichapa usitaje jina langu.

Ni mimi,
Pazi bin Salumu

*

Pazi bin Salumu,

Salamu zimefika. Jina lako lina amani, kwa sababu barua yako haitachapwa. Mwenye gazeti ni Mzungu, naye husoma kila mstari kabla yangu. Gazetini mwezi huu utaniona nikimshauri mtu juu ya wadudu wa pamba. Jibu lako analileta huyu msafiri kwa mkono, likunje ulifiche, ukishalisoma litie motoni. Wimbo wa Nassibu una cheti na barua yako haina. Anzia hapo kufikiri.

Pole. Nakupa pole moja tu, maana kazi yako ni nyingi na pole hazitwangi.

Vijana wako wamepotea. Usikanyage bomani. Unataka kwenda kwa wale wale waliomwua mtu wa Mitole ukawaombe wawe waamuzi wa maneno? Watakusikiliza sana. Watapiga marufuku Marijani leo, na kesho watafunga uwanja wote, na keshokutwa ukikohoa mbele ya akida utaambiwa umeimba. Anayempeleka jirani yake kwa askari afungwe mdomo, amewapelekea na kipimo cha mdomo wake mwenyewe. Na tena watakuuliza nyumba hizo tatu ni zipi. Utajibu nini?

Imamu naye mwambie Mungu hakuiweka Ngurumo nyumbani kwake, aliiweka kwako.

Sasa juu ya Nassibu. Hilo la kuwachukia watu wa bara na aliimbe. Linanuka, lakini aliimbe. Washenzi, chawa, panya, mwache atapike, kisha umpe zamu mtu wa bara amjibu. Hapo ndipo ulipokosa, ndugu yangu, tangu mwanzo. Je, umewahi kumkabidhi mtu wa Mitole zamu hata moja? Unajisifia uwanja wa wanyonge, nao wanyonge walikuwa wamesimama nyuma na vinu vyao wakitukanwa, na wewe unacheka. Mtumwa wa zamani za babu yako alimwimba bwana aliyekuwa na uwezo wa kumpiga. Nassibu anawaimba watu wasio na uwezo hata wa kujibu, na uhodari huo kila mtu anao.

Lakini wimbo unaoonyesha mlango, huo si matusi tena. Hata ukiwa na vina, hata ukipokelewa na mji mzima, ni kidole kilichonyooshwa mbele ya askari. Babu yako alisema lililosemwa uwanjani hulala uwanjani. Hili lilitoka, likavuka kisima, likachimba chini ya mkeka. Nassibu ndiye aliyeivunja ahadi ile, na wewe ulimpigia. Kwa hiyo usiniambie unaogopa kuwa wa kwanza kuvunja mila. Mila ilivunjika mwezi wa Maulidi, na tangu hapo unalinda magae.

Nami sikuandikii nikiwa msafi. Mwaka ule wa vita niliandika gazetini kwamba watu wa bara ni wapumbavu waliolewa maji, na mahali pao ni mnyororoni. Mzungu hakukata hata nukta. Alinisifu. Mwezi uliofuata niliandika mistari minne tu kuuliza kwa nini mashamba yanachomwa wakati waliobaki ni wanawake na watoto, na mistari hiyo mpaka leo haijaonekana. Ruhusa ya kusema tuliyopewa ni ya kuwatukana walio chini yetu. Nimeijua bei yake kwa kuchelewa, na inaniuma, na sitaki wewe uchelewe kama mimi.

Basi fanya hivi. Huyo mjane aondoke Kivinje kabla ya Ramadhani. Umesema mbegu ipo kwenye kaniki. Vuli imekaribia na mbegu haifai kukaa mjini. Muulize mwenyewe anataka kwenda wapi, usimchagulie, kisha Mwahija amsindikize pamoja na wanawake wengine, mchana, kama watu waendao harusini. Wenye zile nyumba mbili nyingine waambie leo, si kesho. Ukingoja Idi umeua.

Ngurumo usiichome. Mwahija ana haki ya hasira yake, lakini ngoma haikuimba. Nassibu akija, usimfiche neno, mwambie: "Wimbo wako niimbie hapa, mchana, mbele ya wazee wanne. Ukimtaja mtu kwa mlango wake, Ngurumo hailii." Atakuonyesha cheti. Mwambie cheti kinampa ruhusa ya kucheza, hakimpi mkono wako. Akitaka ngoma nyingine akaitafute, apige, asibughudhiwe. Bila pigo la kwanza la mwenye uwanja watu wa Kivinje watajua wanachokisikia ni kitu gani, na wakienda kukipokea hata hivyo, basi angalau hawatasema walialikwa na wewe.

Halafu mkalishe chini umpe kahawa. Kijana huyu ana maiti isiyozikwa. Mwambie amwimbe Yahya. Mwambie huo wimbo utampigia mwenyewe mpaka mikono ichubuke. Huenda akakataa, huenda akakutemea mate. Mpe tu nafasi hiyo, kwa sababu naye hakuna aliyemwuliza msiba wake kabla haujaoza.

La mwisho ni gumu kuliko yote, nalo halimhusu Nassibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu. Umenitajia jina lako na la baba yako. Umemtaja Nassibu, na kaka yake, na mkeo, na chama, na ngoma umeitaja kwa jina kama mtoto wako wa kwanza. Aliyekufa mnyororoni kwa wimbo ulioupigia, umemwita "mtu mmoja wa Mitole". Mkewe anakutekea maji ya kuoga mwezi wa ngapi huu, naye hana jina. Nassibu angalau alitaja mlango. Wewe hukutaja kitu.

Leo hii, kabla jua halijazama, nenda uani kwako. Mwondolee mchi mkononi, kaa chini wewe, si yeye, umwulize anaitwa nani na mumewe aliitwa nani. Kama hataki kukuambia, ana haki, na utarudi kesho kuuliza tena. Akikuambia, muombe na ruhusa ya kulitaja jina la mumewe hadharani, na hapo usitaje mpaka yeye awe ameshafika salama anakokwenda.

Akikuruhusu, siku ya Idi itoe Ngurumo, ikanze ngozi kama kawaida. Watu wote watakuwapo, na askari watakuwapo. Kabla ya pigo la kwanza taja jina la mtu yule, sema buyu lake lilikuwa la mbegu, na sema ni nani aliyepiga ngoma siku ile. Kisha nyamaza mpaka wakumbuke walivyoupokea wimbo ule.

Kama kuna kiboko kwa maneno hayo, hicho ni chako, si cha mjane. Umekuwa mwenye uwanja miaka mingi, na hujawahi kusema mahali pale neno lililokugharimu kitu.

Mshauri wako