Kwa Nini Sikushindwa Mtihani

Chumbani kwangu, Kariakoo,
Jumapili baada ya ibada

Mke wangu mpenzi Mama Aikande,

Barua yako nililetewa na yule jirani yetu mwenye duka la vitenge hapa sokoni, ikiwa ndani ya mfuko wa kahawa. Niliinusa kabla ya kuisoma. Hujambo huko? Na Mama, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika, na kipara kinazidi kujitwalia ardhi bila kibali cha kijiji. Sukari tunaipangia foleni. Sabuni tunaisikia kwa majirani.

Umeuliza habari za mtihani wa ufundi wa ndege. Nimechelewa kujibu, na sababu utaiona.

Nilikueleza kwamba nilishashindwa mara mbili, na huu wa tatu ndio wa mwisho. Anayeshindwa anapelekwa kiwanja cha ndege cha huko kwetu, kujaza upepo matairi, na jioni analala kwake. Anayefaulu anabaki Dar miaka miwili zaidi na injini za jeti. Ukaniandikia, "Baba Aikande, shindwa tu urudi. Migomba haina mtihani." Nilicheka peke yangu humu chumbani, halafu kicheko kikaniishia.

Somo lililonitesa ni lile la upepo. Nyuma ya injini ya jeti kuna milango miwili ya bati nene. Ndege ikishagusa ardhi, milango hiyo inajikunjua, inaukinga upepo unaotoka kwa nguvu na kuurudisha mbele, ndege ipunguze mwendo. Mimi niliyeanzia ufundi kwenye trekta la mashambani niliamini ni kama rivasi, gia ya kurudi nyuma, kwamba injini yenyewe inazungushwa kinyume. Nikayasema hayo darasani, mbele ya vijana wa rika la Aikande. Mwalimu wetu, Bwana Kantilal, akavua miwani. "Mzee wangu, ungekuwa wewe ndiye fundi wetu, sisi sote tungekuwa marehemu." Tangu siku hiyo vijana wananiita Rivasi. "Shikamoo, Mzee Rivasi!" Naitika marahaba. Nifanyeje?

Aliyenifumbua macho ni Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba. Jumamosi moja alikuwa uani anapepea jiko la mkaa, jivu linarukia upande wa pili. Nikachukua vifuniko viwili vya sufuria, nikavishika ng'ambo ya jiko kama mlango uliorudishwa nusu.

"Wee Baba Aikande, una nini leo?"

"Pepea tu, Bi Mwanaidi. Pepea kwa nguvu!"

Akapepea. Jivu likagonga vifuniko, likageuka, likamrudia usoni. Mkono wake ulikuwa ukipepea kulekule. Kilichogeuka ni upepo. Alipovuta pumzi akameza jivu lake mwenyewe, akakohoa mpaka machozi. Ndipo nikajua pia kwa nini milango ile hufungwa mwendo ukishapungua: ikibaki wazi, injini inameza moshi wake na vumbi la njia.

"Mtu mzima ovyo!" akanifokea. "Mwandikie mkeo aje akuchukue!"

Siku ya mtihani niliingia nimeshaamua: nitaandika yaleyale ya trekta, nirudi kwako. Swali likaja lilelile. Nikakiona akilini chumba hiki ninamoishi. Kila jioni napika ndizi za watu wawili, mkono umekataa kujifunza kupima za mmoja, na nusu naila asubuhi imepoa. Nikaandika, "Injini huzungushwa..." Nikakwama hapo. Mke wangu, miaka yote hii nimekuwa mtu wa kushika tochi wakati wenzangu wanafungua injini. Safari hii kulikuwa na kitu ninachokijua mimi, nakijua mpaka mzizini. Nikafuta. Nikaandika kweli yote, na mchoro nikauchora.

Nimefaulu.

Sasa lile gumu. Fomu ya miaka miwili niliisaini Ijumaa, na leo ndiyo nakuandikia. Ningekuuliza kwanza ungesema rudi, nami ningerudi, kisha kila tairi ningelijaza kwa kinyongo, na kinyongo hicho ungekila wewe mezani. Kosa ni langu, silisingizii taifa. Ukitaka kunitukana, tumia Kichaga, maana Kiswahili chako cha hasira ni kifupi mno. Ila usininyamazie. Maneno yakigoma, nitumie hata bahasha tupu yenye mwandiko wako juu.

Likizo ya Krismasi nimeshaiomba. Wakininyima nitaomba tena.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe anakula. Msalimie mdogo wangu anayekusaidia kupalilia kahawa, na mwambie ngazi yangu naidai bado. Aikande akija kutoka chuoni, jina langu la darasani usimwambie.

Mimi mumeo, mwenye cheti mkononi na asiye na wa kumwonyesha,

Baba Aikande