Karatasi Haina Koo

Kaka Yusuf,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo na wote waliomo humo nyumbani mtaani Iftin, na kwamba mbuzi wa mama bado wanakutafunia maboksi dukani. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku Bergen imenipasua midomo, lakini si hiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimekupigia simu mara tatu tangu asubuhi, na mara zote nimekata kabla hujapokea, kwa sababu sauti haitoki. Basi naandika, kwa Kiswahili ulichonifundisha mwenyewe kabla hujaacha ualimu, kisha nitaipiga picha nikutumie leo leo.

Ni ule ujumbe wako wa sauti wa jana. Niliusikiliza maabara, mkono mmoja kwenye hadubini, nikitarajia habari za mvua. Ulikuwa unacheka, walaal, ndugu yangu. Ukasimulia jinsi gari la kupima saratani ya koo lilivyofika Garissa, jinsi ulivyompeleka mama yetu, Hooyo, kwa kuwa siku hizi anjera haimpiti mpaka ailoweke kwenye chai, na jinsi muuguzi alivyotazama kitambulisho chake akasema, "Pole mama, tunapima watu wasiozidi miaka hamsini." Na mama, kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Wewe nasoma karatasi ya nini? Koo ndio nauma. Karatasi haina koo!" Kisha ukacheka zaidi, maana mjomba, Abti Salat, kaka mkubwa wa Hooyo aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, alipita bila swali. Kitambulisho chake kinasema ana miaka arobaini na tisa.

Niliurudia ujumbe huo mara nne. Sikucheka hata mara moja.

Sijui kama nimewahi kukueleza vizuri kazi yangu. Nakata vipande vyembamba vya nyama iliyotolewa kwenye koo la mgonjwa, navitia rangi, navitazama nijue ni saratani au la. Makala yangu ya kwanza, ile mliyonichinjia mbuzi, ilihusu wagonjwa wa kwetu, kutoka Garissa, Wajir na Dadaab. Ilisema kwamba kwetu ugonjwa huu huwapata watu wangali vijana. Wanasayansi wakashangaa, na tangu hapo kila anayeandika juu ya saratani ya koo hunitaja. Huku ndivyo tunavyopimwa, umetajwa na wangapi. Kazi hii nimeipata kwa kutajwa, na kichwa kikanivimba, sikufichi.

Sasa niulize umri wa wale wagonjwa niliutoa wapi. Kwenye kadi za hospitali. Na kadi zilinakiliwa wapi? Kwenye vitambulisho. Yusuf! Mimi, binti wa Iftin, niliyeandikwa nimezaliwa tarehe moja Januari kama nusu ya mtaa! Mimi ninayejua kwamba Abti alijipunguzia miaka ili achukuliwe kazi ya ulinzi, na kwamba mchunga mifugo akija mjini kuomba kitambulisho na mvi kichwani hujiandikisha kijana, asiulizwe alikuwa wapi siku zote. Mgeni angekosea hivyo ningemcheka. Mimi nilivaa koti jeupe nikaanza kuamini karatasi. Wale vijana wangu, sijui wangapi kati yao walikuwa akina Abti.

Jana hiyo hiyo niliwaandikia wenye gari, nikawaambia kikomo chao cha umri kina kasoro, wawapime na wazee. Jibu limekuja leo asubuhi, la adabu kabisa. Kikomo hicho, wanasema, kimetokana na utafiti unaotegemewa, na wameniambatishia niusome. Nikaufungua. Ni makala yangu. Aliyenijibu hata hakulinganisha majina. Nikakaa sakafuni, na mwenzangu wa maabara akadhani nimefiwa.

Nimeshawaandikia wahariri wa jarida kwamba makala ile isitegemewe mpaka umri uchunguzwe upya. Bosi wangu ananisihi nisubiri, ati jina langu litaharibika. Na liharibike. Hilo ni langu. Lako ni hili: kesho asubuhi mpeleke Hooyo hospitali kubwa. Sema chakula kinamkwama, wamwingize kamera kooni, na usikubali apewe dawa ya kiungulia arudishwe nyumbani. Naogopa, kaka. Naogopa sana. Na Abti arudi kuchukua majibu yake, asiyafanyie mzaha.

Nisalimie mkeo, na mwambie shuka alizonitumia ndizo ninazojifunikia. Msalimie Eddo Habiba, shangazi yetu muuza maziwa ya ngamia, na umuombe akae na wazee wenzake wakumbuke Hooyo alizaliwa ukame upi. Nitahitaji watu kama yeye wanisaidie kuhesabu upya.

Na Hooyo msomee barua hii yote, usiruke hata mstari. Akiuliza ni nani aliyeweka sheria iliyomrudisha pale mlangoni, mwambie ni mimi.

Mdogo wako anayekupenda,
Hodan