Gauni la Tumaini na Kisanduku Kilichofutwa

Makambako,
Jumatano jioni

Mdogo wangu mpendwa Tumaini,

Simu zangu umezikata zote, na Mama akikupa ya kwake unamrudishia bila kusema neno. Basi nimeamua kukuandikia barua, maana barua haina kitufe cha kukata. Ukiikunja bila kuisoma itakaa hapo mezani ikikutazama mpaka uchoke wewe.

Hamjambo nyumbani? Baba kifua chake kimetulia, au bado anakohoa akikataa kwamba anakohoa? Mama bado anakwenda kwenye viazi alfajiri na ule ukungu, bila koti? Bibi anakula vizuri? Mimi sijambo. Ninakula, ninalala, upepo wa huku unanijaza vumbi masikioni kama kawaida yake. Mwili mzima kabisa. Roho ndiyo iliyokasirika, na nataka ujue imemkasirikia nani, maana wewe unadhani wa kukasirika ni wewe peke yako.

Mama ameniambia ulichosema baada ya ibada. Ulisema dada ameshakuwa mtu wa mjini, ametusahau. Yameniuma, Tumaini, sikufichi. Nililia kwanza, halafu nikakasirika, na hasira hiyo haijaisha mpaka sasa ninapoandika. Gauni lako nililituma. Nililituma mapema, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi. Na lilivaliwa kanisani Jumapili ileile ya kipaimara chako. Ila aliyelivaa si wewe.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Unakumbuka ule uzi wa vipimo ulionitumia kwa dereva, wenye mafundo, fundo la bega, la kifua, la kiuno, na lile la chini kabisa ambalo Mama alilisogeza mbele kwa sababu unarefuka kila mwezi? Nilimpelekea Mama Hadija, jirani yangu, fundi cherehani, yule ambaye mume wake anaendesha lori la mbao. Yeye ni Mwislamu na kipaimara hajawahi kukiona, kwa hiyo aliniuliza maswali kuliko mchungaji. Mikono iwe mirefu? Mtapiga magoti? Muda mrefu? Alitaka kitambaa kisikunjamane mtoto wa watu akiinuka mbele ya kanisa zima. Alipomaliza alidarizi jina lako ndani ya kola kwa uzi wa bluu, Tumaini, maana ndivyo anavyofanya kwa kila nguo ya sherehe, ili wasichana wanaovalia chumba kimoja wasigombanie nguo. Siku ile nililipenda sana hilo jina kwenye kola. Sasa nikilikumbuka sijui nicheke au nipige ukuta.

Kazi yangu unaijua. Napokea vifurushi kwenye ofisi ya mabasi ya Mzee Salum. Mtu anakuja na boksi lake, naingiza kwenye kompyuta jina la anayetuma, jina la anayepokea na kituo. Chini yake kulikuwa na kisanduku kirefu kimeandikwa Maelezo. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Wewe unajua kwetu. Ukisimama sokoni Iwawa ukaita Sanga, nusu ya soko inageuka, na waliobaki ni wakwe zao. Kwa hiyo kwenye Maelezo nilikuwa naandika kama ninavyosema na mtu: Sanga yule mwenye ng'ombe wa maziwa, si yule mwenye mashine ya kusaga. Mshushie njia panda kabla ya mteremko. Asipokuwepo apewe mama wa duka lenye bati jekundu. Karatasi inatoka na maneno yote hayo, konda anasoma, basi linasimama, mzigo unafika. Hata konda mgeni ambaye Makete hajawahi kukanyaga alikuwa anafikisha.

Asubuhi moja nikawasha kompyuta nikakuta ukurasa mpya, mweupe, una herufi nyembamba za kijivu kama za mtu anayeogopa kusikika. Mfumo ulikuwa umejibadilisha wenyewe tulipokuwa tumelala, bila kumuuliza mtu. Kisanduku cha Maelezo hakipo. Kiswahili nacho hakipo. Pale juu tulipokuwa tunachagua lugha pamebaki peupe, kila kitu sasa ni Kiingereza. Na kituo huandiki tena, unachagua kwenye orodha yao, na kwenye orodha hiyo kwetu hakumo. Kuna Iwawa, kuna Bulongwa, na hapo katikati kwa mawazo yao hakuishi mtu yeyote.

Nilitafuta. Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Yule dada Mbena tunayekaa naye kaunta akadhani nimeharibu mimi, akanisogeza pembeni abonyeze yeye, naye akakwama. Mwishowe nikawapigia hao wenye mfumo, wako Dar es Salaam. Akapokea kijana mwenye adabu, sina la kumsingizia. Nikamuuliza kisanduku cha Maelezo kimekwenda wapi. Akasema wamepunguza vitu ili ukurasa uwe safi, kwa sababu watumiaji walikuwa wanachanganyikiwa. Nikamwambia mtumiaji ni mimi, na sikuwa nimechanganyikiwa mpaka leo asubuhi. Akasema waliangalia wakaona watu wanaokijaza ni wachache.

Hapo damu ilinichemka, Tumaini. Mtu wa mjini ana jina la mtaa na namba ya nyumba, atajaza Maelezo ya nini? Hao wachache ni sisi. Ni akina Mama. Ni kila mtu ambaye anuani yake ni mti, mteremko na jina la jirani. Kwa hiyo walitutazama, wakaona tuko wachache, wakatufuta ili ukurasa upendeze. Na wala hawakuona haya, wanasema ni maboresho. Nikamuuliza yule kijana nilalamike wapi. Akaniambia nitoe maoni ndani ya mfumo wenyewe. Nikaenda kutafuta. Kulikuwa na nyota tano za kubonyeza, pa kuandika neno hapakuwepo. Nikabonyeza nyota moja. Ikaniandikia asante.

Mzee Salum alinisikiliza, na yeye pia hakuupenda, ila akasema tuuzoee kwanza. Na utaratibu ulibadilika wote. Mzigo sasa unaingizwa kwenye mfuko wa kampuni, unafungwa, juu yake inabandikwa stika iliyotoka kwenye mashine, na stika ndiyo inayosomwa. Kuandika kwa kalamu juu ya mfuko tukakatazwa, eti inaonekana uchafu.

Ndipo nikatuma gauni lako. Nikachagua Iwawa kwa sababu si mbali na kwetu, nikampigia Mama nikamwambia asubiri ujumbe kwenye simu, halafu amtume mtu akachukue. Nikamweleza konda kwa mdomo pia, kila kitu, kibanda cha maziwa na nyumba ya Baba, wanayemwita Mwalimu, yenye mlango wa kijani. Kumbe Njombe makonda walibadilishana zamu, na maneno yangu yakashuka naye. Ujumbe nao ulifika kwa Mama, ila kwa Kiingereza. Yeye alikuwa anasubiri wa Kiswahili kama siku zote. Akadhani ni wale matapeli wa simu, akaufuta, na wa Kiswahili usipofika mkadhani sijatuma. Usimlaumu. Wewe mwenyewe ulimfundisha kufuta kila asichokielewa.

Sasa sikiliza. Iwawa kuna Tumaini Sanga mwingine. Naye wa kipaimara, naye Jumapili ileile. Ana shangazi hapa Makambako, Sanga pia, ambaye alikuwa amewaahidi gauni, na mama yake alikuwa anapita kwenye ofisi ya mabasi kuulizia kila basi linapoingia. Karani wa kule akasoma stika. Tumaini Sanga, Iwawa, kutoka kwa E. Sanga, Makambako. Namba ya simu ya mpokeaji angeitazama, lakini siku hizi mfumo unaificha kwa nyota. Akampa yule mama mzigo. Ningekuwa mimi ningempa. Wakaenda nalo nyumbani, wakalikunjua, na ndani ya kola wakakuta jina la mtoto wao limedariziwa kwa uzi wa bluu. Nani angebisha?

Haya yote sikuyajua. Jumapili jioni nilipopiga simu nikusikie ukisimulia, Mama ndiye aliyesimulia. Kwamba ulisimama mstari wa mbele na sketi yako ya shule na blauzi yake, imekazwa mgongoni kwa pini. Kwamba uliimba ukiangalia chini. Kwamba picha imepigwa na wewe hutaki itundikwe ukutani. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikadhani gauni limeibiwa njiani.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaanza kulitafuta, akanipigia mwanamke nisiyemjua. Namba yangu ilikuwa kwenye stika, maana ya anayetuma hawakuificha. Alinisalimia Kikinga kwa heshima zote, akaniita wifi, akidhani mimi ndiye yule shangazi wa mtoto wake, kisha akageukia Kiswahili taratibu.

"Wifi, hatujui tukushukuru vipi. Tulikuwa tumeshasema umetusahau, na sasa tunaona aibu. Mtoto alipendeza mpaka baba yake akatoka nje kufuta machozi."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nayo maneno tayari, mama, gauni hilo si lenu. Halafu nikamsikia msichana nyuma yake, sauti ndogo kama yako ulipokuwa darasa la tano, akisema, "Mwambie shangazi lilinibana kidogo mabegani, lakini sikumwambia mtu." Nikashindwa. Nikasema tu, "Mpe hongera. Mwambie asimame imara." Nikakata simu, nikaenda nyuma ya ofisi kwenye magunia ya viazi, nikalia kwa hasira.

Angalia walichofanya hawa watu wa kurasa safi. Yule shangazi ambaye hakutuma kitu amesifiwa. Mimi niliyetuma nimeitwa msahaulifu na mtoto niliyembeba mgongoni. Na wewe ukasimama mbele ya kanisa ukiamini kwamba huku Makambako hakuna anayekukumbuka. Kwa ajili ya kisanduku kimoja. Kilikuwa kinamkosesha nani usingizi? Na wale waliokifuta hawatajua kamwe kwamba kuna wasichana wawili, wala hakuna mahali pa kuwaandikia.

Usiniambie niende Iwawa nikamvue mtoto. Ipo siku nitamweleza mama yake ukweli, tena mwenyewe, uso kwa uso, lakini gauni sitalidai. Msichana hana kosa, na najua nawe hungelitaka tena.

Nilimweleza Mzee Salum yote. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na nadhani alinisoma usoni. Aliuliza tu kama mdogo wangu alilia. Nikasema hakulia, ndiyo maana naogopa. Akatoa kalamu ya wino mzito mfukoni mwake, akaiweka kaunta mbele yangu.

"Andika, binti. Juu ya mfuko, pembeni ya stika, popote. Wakiuliza waambie waniulize mimi."

Tangu siku hiyo naandika. Mifuko yao mizuri imejaa mwandiko wangu kila upande, miteremko na mabati mekundu. Ule mfumo bado ni mweupe kama walivyoutaka, na kila siku ukiniuliza nimeuonaje naupa nyota yake moja.

Sasa habari yenyewe. Mama Hadija aliposikia, hakuniacha hata nimalize. Uzi wako alikuwa ameutunza kwenye kopo la vifungo. Amekata kitambaa kingine na ameshashona, na lile fundo la chini nimemwambia alizidishe kidogo, maana mtu akinuna huwa anarefuka. Mama anasema mliopata kipaimara mtaimba tena Jumapili ya Mavuno. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Gauni hili haliingii kwenye mfuko wa kampuni. Nitalipakata mwenyewe kwenye kiti, kutoka hapa mpaka nishuke. Ijumaa ya kabla ya Mavuno njoo unipokee kwenye kibanda cha maziwa. Usipokuja nitakaa palepale na gauni mapajani, na baridi yote ile, mpaka watu wa maziwa wakuite kwa aibu.

Nisalimie Baba, mwambie dawa ya kifua nakuja nayo. Msalimie Mama na umwambie kosa si lake. Bibi mbusu mkono. Kaka yetu mkubwa na mke wake wasalimie, na mwalimu wako wa kwaya, na yule jirani aliyetuazima pini.

Jambo moja la mwisho. Mama Hadija aliponiuliza adarizi nini kwenye kola safari hii, nilimwandikia kwenye karatasi, naye akakaa nayo jioni nzima akilalamika kwamba kola haijawahi kubeba maneno mengi hivyo. Ameyamaliza yote, kwa uzi wa bluu uleule, duara zima la shingo. Utakapolivaa hakuna atakayeyaona, ila yatakuwa yanakugusa shingoni. Yanasema: Tumaini wa Mwalimu, si wa Iwawa. Kibanda cha maziwa, panda juu, mlango wa kijani. Asipokuwepo, msubiri. Dada yake hajamsahau.

Ni mimi dada yako,
Edina