Picha ya Kifua cha Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Rafu ya nne imekwisha. Kazi ni ile ile: toa picha ya eksirei kwenye bahasha, kata kona yenye jina, kona ikachomwe, picha iende kwenye gunia. Kisha magunia yanamwagwa kwenye pipa la kostiki, ile dawa kali inayobabua, madini ya fedha yang'oke, ibaki plastiki tupu. Mkuu wa stoo katukumbusha tena: majina hayasomwi, siri za wagonjwa ni siri. Mimi sihitaji kukumbushwa. Miezi mitatu sasa, sijasoma hata jina moja.

Jumatano, 6 Machi
Kaka kapigwa picha ya kifua. Anakohoa mwezi wa pili huu, na kila nikimuuliza anasingizia moshi wa kuchomelea mageti. Daktari kaniita kando, kwa kuwa mimi ni wa humu humu. Kuna doa kwenye pafu la kulia. Akipata picha ya zamani na doa liwemo, basi ni kovu tu, kaka aende zake nyumbani. Lisipokuwemo, ni jipya — itabidi apasuliwe wakapime.

Kaka yeye kashika neno moja tu: picha ya zamani ikipatikana, kisu hakuna. Akajitapa mbele ya manesi. Ipo, alipigwa hapa hapa miaka kumi na moja iliyopita, alipoomba kazi kiwandani, na mtunza stoo ni mdogo wake!

Miaka kumi na moja ni rafu ya nne. Nimeikata mwenyewe juzi. Jina la baba yangu limepita kwenye makasi yangu na sikuliona.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia mkuu ukweli. Kanuna, halafu kasema pipa lisimame hadi Jumatatu saa nne. Gunia moja limeshaingia tangu jana. Yaliyobaki ni matano.

Nitamjuaje bila jina? Kwa mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega. Utotoni alianguka kutoka kwenye paa la jirani, mfupa wa kushoto ukaunga vibaya, umejikunja kama mkono wa kikombe. Mama Pacha, mwenzangu wa stoo, kaniambia nisikae nalia, nimsogezee gunia. Tukashika picha moja moja, tukiinua dirishani. Vifua vya watu! Sikujua viko vingi hivi.

Ijumaa, 8 Machi
Magunia mawili mengine. Hamna. Shingo inauma.

Kaka kapiga simu kuuliza kama nimelala kazini. Nikacheka ili asijue.

Jumapili, 10 Machi
Mkuu kanipa ufunguo bila kuombwa. Mama Pacha kaja na wanawe wote wawili, kawaweka mlangoni na daftari la kuchora. Gunia la nne, hamna. Naomba tu isiwe ile ya kwenye pipa. Nimemwomba Mungu doa liwepo. Nani huomba ndugu yake awe na doa?

Jumatatu, 11 Machi
Imepatikana saa mbili na nusu, gunia la tano, karibu na chini. Mtulinga ule ule, mbishi kama mwenyewe. Mama Pacha kanikumbatia. Mimi nikashuka na kidole kwenye pafu la kulia, taratibu, mbavu kwa mbavu. Nikarudia. Nikaipeleka dirisha la pili, labda lile la kwanza lina vumbi.

Sasa tuko kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Naandika ili nisimtazame. Kaka kaichukua picha, kaiinua juu, anamwonyesha mzee aliyekaa pembeni yetu. Anamwambia ona, mzee wangu, pafu safi, halina hata alama, na huyu mdogo wangu ndiye kaliokoa. Mzee anampa pongezi. Ananipa na mimi.

Nimesema asante.

Nesi katoka na faili. Kaita jina letu. Kaka kasimama, anachomekea shati, ananiuliza mbona sinyanyuki —